Neno la Siri Alilokwenda Nalo Riungu

Kagwiria alifika chuo cha Karurumo saa nne asubuhi, Agosti 1999, akiwa na laptopu ya kuazima na waya mmoja wa bluu. Chuo kilikuwa kimefunga. Mkuu wa chuo, Bi. Wawira, alimfungulia chumba kidogo nyuma ya maktaba, ambako swichi ya mtandao, kisanduku cha kuunganishia kompyuta, ilikuwa imefungwa ukutani.

"Kompyuta mpya za maktaba haziingii mtandaoni," Bi. Wawira akasema. "Kijana aliyetuwekea hii kitu aliyafunga matundu yote ya waya yaliyobaki, eti usalama. Halafu akaenda na neno la siri. Anaitwa Riungu. Labda unamjua?"

"Tulifanya kazi pamoja Meru, madam."

Hakusema kwamba walitumia meza moja kwa miaka minne katika karakana ya Majengo, hukohuko Meru, wala kwamba Januari ile Riungu alileta wazee wake kwa kina Kagwiria, wakala, wakapanga harusi iwe Aprili. Machi harusi ikaahirishwa, akaenda Gaborone, Botswana, "miezi michache tu." Zikaja barua mbili. Tangu Mei, kimya. Kila mara mama yake alipouliza, Kagwiria alijibu kwamba atarudi Krismasi.

Alipobaki peke yake aliunganisha waya. Swichi ikataka neno la siri. Akaandika jina la karakana, ikakataa. Akajaribu mwaka aliozaliwa Riungu, ikakataa. Kisha, huku akiona haya ingawa hakuna aliyemtazama, akaandika jina lake mwenyewe.

Ikakataa.

Basi akachomoa umeme, akaurudisha huku amebonyeza kitufe cha mbele. Ukifanya hivyo swichi huamka bila kusoma mipangilio yake, na faili ya zamani unaweza kuifungua. Yeye alitaka tu anwani za kompyuta za ofisi. Lakini mstari wa tano ulikuwa neno la siri lenyewe, wazi, bila kufichwa: gaborone.

Juu yake Riungu alikuwa ameandika tarehe ya kazi, kama kawaida yake. Kumi na nne Januari. Wazee walikuja tarehe kumi na sita.

Kagwiria aliketi juu ya boksi la karatasi. Kwa hiyo alijua. Alikaa kwenye kiti cha baba, akasifu githeri aliyopika mama, akabishana juu ya idadi ya wageni, na safari tayari anayo kichwani. Nje hapakuwa na sauti ya mtu. Feni ya swichi tu ilikuwa ikivuma. Alilia kidogo, akajipangusa kwa mkono wa sweta.

Kisha akanakili zile anwani kwenye karatasi, akaifuta faili yote.

Swichi, sasa ikiwa tupu, ikamuuliza kama anataka kuipanga upya. Akajibu ndiyo. Akaipa jina, anwani, neno jipya la siri. Akafungua matundu ya maktaba. Akaunda akaunti mbili: moja ya Bi. Wawira, yenye uwezo wote, na nyingine ya Munyi, karani wa stoo, ya kutazama tu bila kubadilisha chochote. Akahifadhi, akaizima, akaiwasha tena kuhakikisha haijasahau.

Bi. Wawira alikuja na chai kwenye thamosi. Kagwiria akampa bahasha iliyofungwa.

"Neno lako liko humu, madam. Weka kwa sefu. Mtu akiondoka, mfute siku hiyo hiyo."

"Na lile la Riungu, ulilipata?"

"Nililipata."

Bi. Wawira alimtazama macho yale mekundu, akammiminia chai bila kuuliza tena.

Jumamosi Kagwiria alipanda gari kwenda nyumbani. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Kagwiria akavuta kigoda, akaanza kuchambua naye.

"Mama, Riungu harudi."

Mikono ya mama ikasimama. "Ameandika?"

"Hapana. Lakini nimejua."

Mama akausogeza ungo ukawa katikati yao, wakaendelea mpaka maharagwe yakaisha.