Sura Tatu za Kompyuta Moja

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wifi yangu hajui kusugua sufuria ikatakata, na akicheka mtaa mzima unajua, lakini kwenye kompyuta mimi namvulia kofia.

Tuna ofisi ya kuchapa katika chumba cha mbele cha nyumba yetu: kompyuta moja, printa moja na feni inayolalamika. Mchapaji ni mama yangu, aliyekuwa karani wa kuchapa ujana wake wote. Baba alipofariki, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani. Wote tulijua, ingawa hatukusema.

Kompyuta ilipozeeka ikawa nzito, wifi akaiwekea Linux, mfumo mwingine mwepesi wa kuiendesha. Kwa kuwa sisi ni wageni wa mambo hayo, akaweka maeneo-kazi matatu, kila mtu ajaribu aone lipi linamfaa. Sisi tuliyaita sura. Kuna sura ya madoido, madirisha yake yanafunguka kwa mbwembwe. Hiyo kaka yangu, mume wake, aliipenda papo hapo. Kuna yenye vitufe na picha kila mahali, hiyo yangu, na mama akaizoea kwa kuwa ndiyo niliyomfungulia. Ya tatu tupu na nyepesi, haikupata mwenyewe. Unachagua pale mwanzoni, kabla ya kuandika neno la siri: unabonyeza alama ndogo kwenye kona, unaingia. Wifi alitusihi kila mtu awe na akaunti yake. Kaka akakataa. Kwetu hakuna changu wala chako. Hata taulo tunachangia, seuze mashine? Tukawa tunaingia wote kwa jina moja, la ofisi.

Basi asubuhi moja kaka alichagua madoido yake, akafanya mambo yake, akatoka. Mashine ikashika sura hiyo iliyotumika mwisho, maana kwake sisi wote ni mtu mmoja. Mama akaja kumalizia kitabu cha mwalimu mstaafu, akakuta menyu imehamia juu, herufi zimekuwa kama chawa, na faili halionekani pale alipoliacha. Akajua ameifuta kazi ya watu. Nilimkuta anafunika skrini kwa kitambaa.

"Mimi na chombo hiki basi," alisema. "Nimezeeka. Tafuteni mwingine."

Akarudi kulala, na jua limeshapanda. Niliogopa kuliko siku ya msiba.

Nikampigia wifi nikifoka: afute sura mbili ibaki moja, sote tushike adabu. Alikuja, akafungua folda, na kitabu kilikuwemo chote, hakikupungua hata nukta. Kisha akaniambia, kwa upole ulioniudhi, kwamba sura tatu hazina kosa. Kosa ni watu watatu kuvaa jina moja.

Akamfungulia mama akaunti, kwa neno la siri la muda, akaenda kumwita chumbani. Mimi ningembembeleza, au ningemkaripia. Yeye alimwambia kitabu kipo salama, na kwamba anaomba ushauri wake. Mama akatoka, nadhani kwa kumstahi mkwe.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wifi hakugusa kipanya hata mara moja. Alikaa kando, mikono mapajani, akamwacha mama aingie na kutoka kila sura kwa mkono wake mwenyewe. Ya madoido ilimzungusha kichwa. Yangu ikamchekesha, akasema fujo hii anaijua, aliizaa mwenyewe. Kwenye ile tupu aliegemeza mgongo kitini.

"Hapa pametulia," alisema.

Wifi akamwelekeza kukuza herufi. Kila sura ilikuwa imekuja na kiandikio chake, yaani programu ya kuandikia, menyu imejaa mapacha, basi mama akaficha asivyovitaka akabakiza kimoja. Kitabu kikawekwa kwenye folda ya wote, maana kuchangia hatujaacha. Lililobaki ni neno la siri, atunge lake. Wifi akageukia ukuta. Mimi, kwa mazoea yetu, nikainama nione.

Mama akafunika kibodi kwa kiganja.

"Geuka na wewe," aliniambia. "Na mkitoka mnifungie mlango. Nina kazi ya watu."

Tukatoka kama watoto waliofukuzwa jikoni. Nikafunga mlango. Huko ndani kibodi ikaanza kulia, haikusita, na mimi nikamshika wifi mkono, nikalia nayo.