Meza Iliyogoma Kutoka

Mgahawa wa shangazi ulikuwa na viti vingi nje kuliko ndani, na kosa lilikuwa la joto. Ndani kulikuwa na jiko, bati lililokaribia kukugusa utosi, na dirisha moja ambalo mpangaji wa zamani alilipigilia misumari kwa sababu anazozijua mwenyewe. Ukinywa supu humo, hujui unachofuta usoni ni mvuke au ni wewe unayeyuka. Kwa hiyo wateja walikaa nje, kando ya barabara, chini ya turubai la bluu, wakila taratibu na kukagua viatu vya wapita njia.

Baba yangu alikaa mwisho wa kulia. Baba mdogo, yaani mdogo wake wa tumbo moja, alikaa mwisho wa kushoto. Kila mmoja alimpa mwenzake mgongo, na migongo yenyewe ilivyofanana, ungedhani ni mtu mmoja na kioo.

Walikuwa hawasemezani tangu mimi nina pengo la meno ya utoto. Wote wawili ni maseremala, na zamani walikuwa na karakana moja. Wakatengeneza kabati la mteja, kabati la kuringia, mbao ngumu tupu, likafika kwa mwenyewe likagoma kuingia mlangoni. Baba akasema aliyepima ni mdogo wake. Baba mdogo akasema aliyepima ni kaka yake. Mteja akasema hata kama alipima shetani, kabati liondoke barazani kwake. Tangu siku hiyo kila mmoja ana karakana yake, na mahali pekee walipoonana ni kwa shangazi, dada yao mkubwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuonekana yeye ndiye aliyesusa chakula cha dada.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuhudumia meza na kupeleka maneno. Wateja waliniita Spika.

"We Spika," baba anasema huku macho yako barabarani, "mwambie huyo bwana kamba ya turubai upande wake imelegea."

Natembea hadi kushoto. "Baba mdogo, unaambiwa kamba imelegea."

"Mwambie nimeiona kabla yake."

Narudi. "Ameiona kabla yako."

"Basi aikaze!"

Naenda tena. "Amesema uikaze, tafadhali."

Baba mdogo akasimamisha kijiko hewani. "Tafadhali? Huyo? Hiyo chumvi umetia wewe."

Siku moja nilimkuta shangazi jikoni amejishika kiuno, nikamwambia, "Shangazi, si ufunge tu upumzike? Umri nao unakudai."

"Umri wa nani, wewe?" Akanipiga na kitambaa cha vyombo. Kisha akachungulia nje, kulia, halafu kushoto. "Nikifunga, hawa wawili wataonana wapi? Msibani? Tena mimi mwenyewe nimelazwa katikati, siwezi hata kuwagombeza?"

Nikachukua sahani, nikaanza kuziosha bila kuambiwa. Si kawaida yangu.

Basi akaja mtu wa ofisi ya mji, shati limechomekwa, futi ya chuma inaning'inia kiunoni kama bastola. Tukambatiza Bwana Futi kabla hajafika kwenye ngazi. Alikuwa na adabu zake, hilo siwezi kumnyima.

"Mama, viti vya nje siku hizi vina kibali chake. Mtu mmoja wa hapa aje ofisini aombe, mimi nije nipime, muendelee kula."

"Nitakuja mwanangu, ngoja nipate upenyo," shangazi akajibu, mikono yote miwili ikiwa kwenye sufuria.

Upenyo haukupatikana, jiko halina likizo. Lakini baba alikuwa amesikia kutoka kulia, na baba mdogo amesikia kutoka kushoto. Asubuhi moja baba akavaa shati lake la kuendea harusini, akaaga anakwenda kutafuta misumari. Baba mdogo naye alionekana na viatu vya kamba, amevipiga rangi, anatafuta gundi. Misumari na gundi, vyote vilipatikana ofisi ya mji. Kila mmoja alitaka yeye ndiye amletee dada kibali, mwenzake abaki anatafuna hasira. Wangekuwa na salamu tu baina yao, hata ile ya kuinua nyusi, wangejuana.

Bwana Futi akarudi. Akaifyatua futi yake, akainyoosha chini pembeni mwa viti, akauliza, "Aliyeomba eneo hili ni nani?"

Viti viwili vikakwaruza ardhi kwa pamoja.

"Mimi."

"Mimi."

Migongo ikageuka. Nilikuwa nimesahau kwamba upande wa pili wana nyuso, nazo zinafanana vilevile. Bwana Futi akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara.

"Eneo moja, waombaji wawili. Kule kwetu hilo linaitwa mgogoro," akasema. "Mnafahamiana?"

Mshona viatu, aliyekuwa akila maharage katikati yao, akainama akayatazama maharage kwa makini sana.

"Spika," baba akasema, "mwambie afisa kwamba huyo ni ndugu yangu."

"Baba, afisa huyo hapo, anakusikia."

"Mwambie tu."

Nikamwambia. Bwana Futi akashukuru kwa taarifa. "Basi ni jambo dogo. Njooni ofisini pamoja, mseme neno moja, mwombaji awe mmoja. Mpaka hapo, viti viingie ndani."

Shangazi hakuwafokea. Aliwaongezea nyama, akawaambia kwa zamu, kila mmoja sikioni, "Nendeni, jamani. Nendeni pamoja." Na kwenda walikwenda, tatizo ni lile neno la mwisho. Bwana Futi mwenyewe ndiye aliyeleta habari, alipokuja kula ndani jasho likimtiririka hadi kwenye kola.

"Mama, nimewaona wote. Tena mmoja alikuwa anatoka mlangoni, mwenzake anaingia, wakapishana kama hawajuani. Lakini pamoja, bado. Na mkubwa wangu anataka pamoja."

Ndani hapakuwa na mahali pa kumpa mtu mgongo. Kulikuwa na meza moja ndefu, mbao nene, iliyojaza chumba karibu chote. Baba huku, baba mdogo kule, uso kwa uso, wote wawili wakiitazama chupa ya chumvi utadhani imewakopa. Wateja wakaanza kupungua. Mwalimu mmoja, mteja wetu wa siku zote, akaja na feni ya betri, akaja tena na taulo, kisha hakuja. Mshona viatu akasema anaupenda mgahawa ila anaipenda na ngozi yake. Mwishowe tukabaki wanafamilia na nzi, na nzi nao walikuwa wanatokatoka kupunga upepo.

Shangazi akafunga. Hakulia wala hakuitisha kikao. Alipangusa jiko likang'aa, akavua aproni, akaikunja vizuri. "Nimemwambia mwenye nyumba. Anayekuja anauza mabegi, mabegi hayasikii joto." Halafu akaniambia taratibu, "Kawaite baba zako wote wawili waje kubeba. Usimwambie yeyote kwamba mwenzake anakuja."

Wakaja. Kila mmoja akamwona mwenzake, kila mmoja akanitazama mimi. Viti vikapakiwa kwenye mkokoteni, sufuria, turubai, hata misumari ya ukutani. Ikabaki meza.

Wakaishika, huyu huku, huyu kule, wakaipeleka mlangoni. Ikagonga. Wakailaza ubavu. Ikagonga. Wakaisimamisha, ikagonga bati. Shangazi alikuwa nje, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akinywa maji polepole.

"Mliitengenezea humo humo ndani," akasema. "Mwezi ule nilipofungua. Mlikuwa mnaimba."

Baba akatazama mlango. Baba mdogo akatazama meza. Nikaona wote wawili wanapima kwa macho, na wote wawili wanafika kwenye jibu lilelile. Hakukuwa na wa kumsingizia: walipima wote.

"Ikatwe," nikatoa wazo.

"Nyamaza!" wakasema kwa pamoja. Hilo, kwa kumbukumbu zangu, ndilo neno la kwanza waliloafikiana.

Dawa ilikuwa kuifungua. Chini ya meza kulikuwa na mti mmoja mrefu uliounganisha miguu, umebanwa kila upande kwa kabari, kipande cha mbao kilichopigiliwa kwenye tundu. Kabari zote mbili zing'oke kwa mpigo mmoja. Ikitangulia moja, mti unapinda na nyingine inakaza zaidi. Wakaingia chini ya meza, kila mtu na nyundo yake na upande wake. Mimi nikachuchumaa katikati.

"Spika, mwambie apige."

"Baba mdogo, pi..."

Paa! Baba alishapiga. Kabari ya baba mdogo ikajibana hadi ikalia. Wakairudisha ile ya kwanza.

"Mwambie safari hii anisubiri."

"Baba, msu..."

Paa! Sasa ikabana ya baba.

Wakajaribu tena. Neno lilikuwa likitoka huku, likapita kwangu, likafika kule limechelewa. Nilisema haraka mpaka nikajing'ata ulimi. Jasho likawa linadondoka kutoka kwenye pua zao mbili, pua moja kwa umbo. Mlangoni shangazi alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatutazama. Kikombe chake cha maji kilikuwa kimeinama, maji yanamwagika, wala hana habari.

Baba akafumba macho. Nikafungua mdomo kusubiri nipewe ujumbe.

"Mdogo wangu," akasema. Sauti ilinipita pembeni. "Nikisema sasa."

Baba mdogo akainua nyundo yake.

"Sema basi, kaka, mgongo unaniuma."

"Sasa!"

Paa. Pigo moja. Kabari zikaruka zote, moja ikanipiga kwenye goti, na hakuna aliyenipa pole.

Meza ikatoka vipande vipande, ikafungwa juu ya mkokoteni. Wakaukamata wote wawili, wakaanza kuusukuma kuelekea nyumbani kwa shangazi, kelele zao zikitangulia.

"Hata lile kabati, futi ilikuwa mkononi mwako!"

"Mkononi mwangu, sawa. Aliyesoma namba nani?"

"Nilisoma ulichonionyesha!"

"Kaka, acha hizo, pinda kulia, mbele kuna shimo!"

Shangazi alitembea nyuma yao na sufuria kubwa kichwani, mimi nikimfuata na sinia tupu. Nilikuwa nimefukuzwa kazi mbili siku moja.

"Shangazi," nikamnong'oneza, "mlango wa uani kwako, umeupima? Wakishaiunga hiyo meza itatoka tena kweli?"

"Sijapima," akasema, "na wewe usithubutu kuwakumbusha. Wataiunga humo humo ndani, wapate pa kuonana."