Mashairi Mawili Mbele ya Jopo

Usiku wa jana niliota natetea tasnifu yangu kuhusu ushairi wa majaribio wa Kiajemi na Kiarabu, na mashairi yenyewe yameitwa kutoa ushahidi.

La Kiajemi liliingia kwanza, bila kitenzi hata kimoja. Vitenzi lilikuwa limeviacha nyumbani kwa makusudi. La Kiarabu lilikuwa na maneno matano tu, lakini nafasi tupu kati ya maneno hayo ilikuwa kubwa hata likahitaji viti sita. Hakuna aliyeshangaa. Mhudumu alileta viti.

Msimamizi wangu, Dakta Mshamu, akaeleza kanuni: kila shairi hukaa katika safu yake ya jedwali, na lisilojaza safu halipiti. Lisipopita, nami sipiti, na miaka yangu mitatu imekwenda arijojo.

Mara tuko kwa fundi cherehani. Dakta ameshika sindano, analishonea shairi la Kiajemi vitenzi. La Kiarabu analijaza pamba katika nafasi zake. Cherehani inasema kwa adabu kwamba kazi hii si ngeni, mimi mwenyewe niliwahi kuileta.

Ni kweli. Katika tafsiri zangu nilikuwa nimeziba kila pengo, jopo lisije likanuna. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaliuliza shairi la Kiajemi kama linaumia. Nikalipa pole kwa kuvunjikavunjika kwake.

"Mimi sikuvunjika," likajibu. "Nilivunja."

La Kiarabu likakohoa pamba. Likasema penye nafasi ndipo linapovutia pumzi. "Na tusifananishwe ovyo," likaongeza. "Mwenzangu amekataa sentensi. Mimi nimekataa kelele."

Sasa tumo ndani ya jedwali. Lina kuta nne, na mstari mweusi katikati unayatenga mashairi. Jedwali linanitaka nitie sahihi. Dakta ananisihi kwa upole, maana ananitakia mema kwelikweli.

"Rukaya mwanangu, jaza tu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Sijazi, Mwalimu. Yaliponyamaza yalinyamaza kusudi. Mimi ni nani hata niyasemee?"

"Watakufelisha."

"Na wanifelishe."

Jedwali likacheka. Hasira ikanipanda. Nikainama, nikauuma ule mstari wa katikati, nikaung'oa kwa meno kama mtu anayekata uzi wa pindo. Mashairi yakasogeleana, kila moja na mapengo yake, yakaanza kubishana kwa raha zao. Dakta akabaki na sindano mkononi.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Nilipopiga mswaki, povu likatoka jeusi tii. Nimesukutua mara tatu, na wino bado umekaa katikati ya meno yangu, umenyooka kama umepigwa kwa rula.

Vitenzi vyote nilivyolishonea la Kiajemi katika tafsiri nimeshavifuta. Jopo ni saa nne, na nitalifungulia kinywa hivi hivi.