Kiti cha Kushoto cha Starlet

Kongo tunapita upande wa kulia wa barabara, lakini vigari vyetu vya Starlet vinatufikia kupitia Uganda, na usukani wake uko upande uleule wa kulia. Mtu akitaka kulipita lori inabidi kwanza atoe nusu ya gari ndipo aone kama kuna linalokuja, na akishaona, mara nyingine amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo wenye Starlet wa Butembo hawasafiri peke yao. Kwenye kiti cha kushoto hukaa mtu wa kumwangalizia dereva njia, na kazi yake yote ni maneno mawili: "Ngoja" na "Pita". Mtu huyo wanamwita jicho.

Tamar alikuwa jicho la mumewe Malachie kwa miaka kumi na moja. Wenye Starlet hukutana kila Jumapili baada ya ibada, katika uwanja wa kanisa pale Kimemi, kufungua maboneti na kubishana, na katika ubishi wao wote jambo moja halikubishiwa: hakuna jicho kama la Mama Christa, ndivyo walivyomwita Tamar. Malachie akisifiwa uendeshaji wake alikuwa anacheka tu na kupangusa kioo. Alijua sifa ni za nani, ila kumwambia mwenyewe hakumwambia, na katika hilo hakutofautiana na wanaume wengi wa mji wetu.

Mwezi wa kwanza kisukari kikamchukua Malachie. Wenye Starlet walibeba jeneza, walilala matangani, walileta makaa na unga. Matanga yalipokwisha walirudi tena, safari hii na sanduku la funguo za kufungulia boliti.

Walikuwa na sababu. Kikundi kile kina desturi yake, wanayoiita règlement. Gari la mwenzako likiharibika, unatoa kipuri ulichonacho na kinafungwa siku hiyohiyo bila malipo, lakini kinabaki chako. Siku gari linapotoka kikundini, kila mtu anakuja kufungua kilicho chake na kurudi nacho nyumbani. Magari matatu yalikwisha kutoka, yote yaliuzwa, na yote yalifunguliwa namna hiyo bila neno baya. Katika Starlet ya Malachie radiateri ya kupozea injini ilikuwa ya Abdias, seremala wa Bulengera. Boîte ya vitesse, yaani sanduku la gia, ilikuwa ya Lévi, mwuza misumari na rangi, mtu mwembamba asiyependa kurudia neno. Pasipo hivyo viwili, gari lile ni banda la kuku lenye vioo.

"Mama Christa, mi hapana na roho mubaya," Lévi alisema, amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Mais ile boîte ni yangu, na ile ya mu gari yangu inaruka vitesse ya tatu kila siku. Règlement unaijua."

"Règlement inasema gari ikitoka mu groupe," Tamar akajibu. "Yangu imetoka kwenda wapi?"

Wakamgeukia Urbain, rais wao. Urbain ni mtumishi wa serikali, mzaliwa wa Kikwit, aliyetumwa Butembo miaka sita iliyopita. Walimchagua kwa sababu ana mwandiko mzuri na hana ndugu wa kumpendelea mjini. Alifungua daftari, akasoma kimya, akakohoa.

"Bon. Gari bila chauffeur, iko sawa imetoka, mama."

"Basi nitaendesha."

Hawakucheka, maana walikuwa nyumba ya msiba. Urbain aliandika: mjane apewe miezi sita. Mwezi wa saba kikundi hufanya safari yake ya mwaka, Butembo mpaka Beni, kilometa hamsini na kitu. Akilifikisha gari Beni kwa mkono wake mwenyewe, yeye ni mwanachama na vipuri vinabaki. Akishindwa, Lévi na Abdias wachukue vyao.

Tamar alilitaka gari lile, na hakuona haya kulitaka. Nguo za Malachie zilikwisha kugawiwa kwa shemeji zake, shamba lilikuwa la ukoo, hata redio ilikuwa imeondoka. Starlet ndicho kitu pekee walichokinunua wawili, yeye na mumewe, na alipoingia ndani yake asubuhi kabla ya kwenda sokoni alikuwa anakaa tu kwenye kiti chake cha kushoto, dakika tano, kisha anatoka na kufunga mlango. Hakuwahi kumweleza mtu.

Miezi sita hiyo kikundi kilimfundisha kama kinavyofundisha mtu yeyote, yaani kwa kelele. Abdias alimkimbiza kwenye uwanja wa mpira wa shule, mbele na nyuma, mpaka mbuzi wa jirani wakamzoea. Lévi mwenyewe, mwenye boîte, alikuja Jumapili tatu kumwonyesha kusafisha bujia, plagi za injini, na kusikiliza mlio wake. Mtu angedhani anajiharibia, lakini kwa Lévi gari lisilotunzwa ni kero kubwa kuliko hasara. Kufika mwezi wa sita Tamar alikuwa anabadilisha bujia kwa kucha zake ndefu bila kuomba msaada, na alikuwa amegombana na Abdias mara mbili kuhusu maji ya radiateri, na mara zote mbili ndiye aliyekuwa sahihi.

Asubuhi ya safari yalikuwa magari sita. La Abdias halikuwaka, la mwalimu wa Tamar mwenyewe, kwa hiyo yeye alikaa kiti cha nyuma ndani ya gari la Lévi na kuvumilia maneno. Thérèse, mke wa Lévi, alimwendea Tamar.

"Mama Christa, nikukalie ku kushoto? Papa Lévi atamubeba Abdias, beko babili, batajuana."

"Hapana, mama, aksanti. Hii njia naiangalia tangu zamani. Kila kilima nakijua."

Alisema hivyo kwa kiburi kidogo, na kiburi hicho kilikuwa na msingi. Jicho bora la kikundi litahitaji jicho la nani? Tena kiti kile kilikuwa chake. Kumweka mtu mwingine pale kulimchoma, akaona heri kibaki kitupu. Thérèse hakusisitiza. Urbain aliona, akafikiri kuandika, hakuandika.

Wakatoka mjini vizuri. Tamar alikuwa wa tatu, Lévi nyuma yake, kwa sababu Lévi alitaka kuisikia boîte yake. Mkono wa Tamar ulikuwa mwepesi, gia ziliingia bila kusaga, na kabla ya Maboya alikuwa amekwisha kuacha kufikiri, jambo ambalo Abdias alikuwa amemwonya asifanye. Hapo wakalikuta lori la shu, kabichi zetu, na viazi, limepakiwa mpaka juu ya uwezo wake, linatambaa. Magari mawili ya mbele yakalipita. Tamar akabaki nyuma yake, pua ya Starlet karibu iguse shu.

Kilichofuata alikikumbuka baadaye kipande kwa kipande. Barabara ilijipinda kidogo kushoto, pale ambapo mtu wa kushoto huona mbali. Miaka kumi na moja, kwenye kona hiyo hiyo, alikuwa akinyoosha shingo na kusema neno lake. Akanyoosha shingo. Akasema, kwa sauti, "Pita." Na aliposikia mtu amesema "Pita", mikono yake ikageuza usukani.

Gari la askari lilikuwa mbele yake, kubwa, taa zinawaka. Tamar alikanyaga breki, akarudi kulia nyuma ya lori, akapitiliza, akaingia mtaroni kando ya shamba la maharage. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimekwenda na askari. Wao hawakusimama, na lori nalo halikusimama.

Wanaume waliokuwa nyuma yake walishuka, wakamtoa, wakamtazama mikono na miguu. Mzima. Wakalitazama gari. Zima pia, ukiondoa kioo na mkwaruzo mlangoni. Wakalisukuma hadi barabarani kwa kuhesabu. Kisha Urbain, ambaye alikuwa amegeuza gari lake na kurudi, akatoa daftari.

Abdias alikuwa mtu wa huruma, akamtafutia mwanafunzi wake njia ya kutokea.

"Chauffeur wa camion alikupatia clignotant, si vile? Alikuonyesha upite."

Lingekuwa jibu zuri. Madereva wa malori huwasha taa ya pembeni kumwonyesha wa nyuma apite, tena wengine huonyesha vibaya, na hakuna aliyekuwa mbele kumshuhudia yule. Tamar aliliona jibu lile wazi kabisa na akaona pia gari lake likibaki zima uani. Lakini alikuwa amechoka.

"Hapana," alisema. "Camion haikunionyesha kitu."

"Basi nani alikuambia pita?"

"Mi mwenyewe. Nilisema 'Pita' sawa vile nilikuwa naambia Malachie. Nilisahabu kama niko ku usukani. Nilizani yeye njo anaendesha, na mi niko ku kiti yangu." Akafuta uso na kitambaa cha kichwani. "Mi namukosa. Njo ile tu."

Abdias alitazama matairi. Urbain alishika kalamu bila kuandika, kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu asichokitunga, kwamba règlement iko wazi, gari limeanguka njiani, na kwamba inamuuma.

"Président," Lévi akasema, "tuko Beni hapa?"

"Tuko Maboya."

"Basi kalamu ingoje."

Akampa Abdias ufunguo wa gari lake, Thérèse awe jicho lake, akazunguka Starlet ya Tamar na kufungua mlango wa kushoto. Tamar alimtazama. Moyo ulitaka kukataa.

"Boîte yangu iko mule ndani," Lévi alisema, kama anajitetea. "Siwezi kuiacha iende kuvunjikia mu mutaro ingine."

Sasa, Lévi alikuwa na gari kwa miaka kumi na minne, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukaa kushoto. Kabla ya kilometa ya kwanza kuisha alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Kutoka pale pikipiki zilikuwa zinakuja moja kwa moja kwenye magoti yake.

"Ngoja," alisema. "Ngoja. Ngoja kwanza."

"Papa Lévi, hakuna kitu mbele yetu."

"Ngoja tu."

Lile lori la shu walilikuta tena likiachiwa kwenye barrière, kizuizi cha askari, wakaingia mteremko wa Kabasha nyuma yake. Magari mengine ya kikundi yalilipita moja baada ya jingine. Abdias alipiga honi akipita, na Thérèse akawapungia mkono. Lévi aliona nafasi moja, akameza neno lake. Ya pili ilipokuja alisema "Pita" kwa sauti ndogo.

"Uko sûr?" Tamar akauliza, kama ana hakika.

"Pita, mama."

"Uko sûr kabisa?"

Nafasi ikawa imekwisha. Likaja lori la mbao, lingewapiga pasi. Lévi alipangusa jasho, kisha akasema, bila kumtazama, "Ile kazi yenye mulikuwa munafanya bibi zetu, sikujua iko nzito hivi. Thérèse hajanilalamikia hata siku moja." Kisha baada ya kona mbili: "Boîte ibakie mu gari yako. Mi nitatafuta ingine Kampala. Lakini usiniulize tena kama niko sûr, maana ukiniuliza naogopa."

Tamar akaitikia. Alishika usukani, macho kwenye shu, maana kingine cha kutazama hakikuwepo: ukuta wa shu, kamba, na mguu wa mtu aliyelala juu ya mzigo. Hakuona barabara hata kidogo.

"Pita," Lévi alisema.

Alitoka. Kwa muda wa pumzi tatu alikuwa upande ambao watu hufa, bila kujua kilichopo mbele, kwa neno la mwuza misumari. Halafu lori likawa nyuma yao, barabara ikafunguka, nyeupe na tupu mpaka chini.

Beni walifika wa mwisho. Wenzao walikuwa wameagiza samaki na walikuwa wamekwisha kuanza. Lévi alishuka, akamwambia Urbain aandike kwamba Mama Christa amefika, na kwamba boîte na radiateri zinabaki zilipo. Abdias, ambaye hakuulizwa kuhusu radiateri yake, alikubali mdomo umejaa. Urbain aliandika kwa mwandiko wake mzuri. Thérèse aliuliza mwenye gari yuko wapi, samaki anapoa.

Mwenye gari alikuwa bado ndani, ameshika usukani, injini imezimwa, analia bila kujificha. Alikuwa anapitia safari moja moja, Beni, Lubero, Kasindi, kila lori na kila kona, akitafuta kama katika miaka kumi na moja Malachie aliwahi kumwuliza hata mara moja: uko sûr?