Ubeti wa Jikoni

Tangu mumewe Yotham azikwe, Ruthu hakutaka mtu auimbe wimbo wa marehemu mbele yake. Kwa hiyo Abeli, mwalimu wa chuo aliyekuwa akiandika kitabu kuhusu wapiga gitaa wa muziki wa bluzi wa Dodoma, alipofika nyumbani kwake Makole kuomba ruhusa ya kunukuu, aliusoma tu, kama tangazo la kanisani:

"Treni imepita Zuzu, wala haikusimama;
nilikuwa na wa kumpungia, sasa napungia vumbi."

Alieleza kwamba kisheria wimbo una mwenyewe, na mwenyewe sasa ni mjane. Asingechapa hata mstari bila kauli yake. Kisha akasoma tafsiri yake: mwanamke aliyemo ndani ya treni ni Debora wa Zuzu, mchumba wa kwanza wa marehemu.

Debora mwenyewe alikuwa ameketi palepale mkekani. Abeli ndiye aliyemleta. Ni huyu aliyelia msibani mpaka wageni wakaulizana mjane ni yupi.

"Futa jina hilo," Ruthu alisema. "Wimbo una ubeti wa pili, na huo hakuuimba popote ila jikoni kwangu."

Akaanza kuutaja polepole, ili kila mtu ajue ni wake:

"Mzabibu ukiupogoa unalia machozi..."

"...usiyafute, mama, ndizo zabibu za mwakani," Debora akamalizia, macho yake yakiwa chini.

Ruthu akamgeukia. "Alikuimbia lini?"

"Kabla yako, dada. Shambani kwa baba. Aliniambia ni wangu peke yangu."

Jikoni, miaka yote ile, Ruthu naye alikuwa ameambiwa maneno hayohayo.

Abeli, kwa aibu, aliuliza basi aandike nini. Ruthu alifikiri. Angeweza kuuzuia wimbo mzima, lakini Yotham angepotea nao.

"Nukuu ubeti wa kwanza," akasema. "Treni mwachie Debora, na jina lake libaki. Ubeti wa pili hauchapwi."

"Lakini huo pia ni wangu," Debora alisema.

"Wako wa kuimba, mwenzangu. Wa kuruhusu ni mimi."

Debora alisimama mlangoni akivaa viatu vyake, na huku ameinama akaanza kuuimba ule ubeti, taratibu, kama mtu anayejaribu kufuli. Nyimbo za Yotham, kama ngoma za Wagogo wenzake, zilitaka mtu wa kuitikia. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza akanyamaza, akasubiri.

Ruthu aliuma midomo. Kisha akaitikia, kwa sauti ya juu kuliko ya mwenzake, majirani wasije wakadhani kwamba Debora ndiye anayeujua zaidi.