Waliohudhuria

Maji ya bomba yalikatika saa mbili asubuhi, jezi kumi na moja zikiwa zimeshatakata na nyingine kumi na mbili zingali na povu. Mama Jezi hakupiga kelele. Alilivuta beseni la bluu mpaka kwenye pipa alilokingia mvua ya juzi, akachota kwa kopo, akaendelea. Vidole vyake vilikuwa vimechanika kwa dawa ya madoa, michirizi midogo kama ya kisigino, na kila alipokamua shingo ya jezi alivuta pumzi kwa meno.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya jukwaa la Upande wa Jua, ule upande usio na paa, wanakokaa watu wa kiingilio cha chini. Dari lake lilikuwa ngazi za jukwaa, kwa hiyo mlangoni mtu alisimama wima na ndani alizidi kuinama. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akifua humo. Jezi alizijua kwa uchafu wake. Ya kipa ilichafuka viwiko. Ya beki wa kushoto ilikuwa na nyasi ubavu mmoja tu. Ya mshambuliaji mpya, yule aliyeletwa na Tajiri, mfadhili wa klabu kwa miaka miwili sasa, haikuwa na doa hata moja. Hiyo aliiloweka tu kwa adabu.

Pembeni, chini ya gunia, kilisimama kigari cha chokaa. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichora nacho mistari ya uwanja, mpaka chokaa ilipomwingia kifuani na kukataa kutoka. Siku ya mazishi klabu ilileta bendera ya kufunika jeneza. Kesho yake iliulizwa. Aliifua mwenyewe, akaipiga pasi, akairudisha ofisini.

Nje, kwenye benchi la mlangoni, mabishano yalikuwa yameshapamba moto.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Kinyozi, mdogo wa marehemu. "Tajiri anataka kuinunua klabu, mnamfukuza. Mna nini ninyi? Miaka kumi na tisa bila kombe! Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kombe sasa ana ndevu. Namnyoa mimi."

"Huyu mgeni wako anakuja na godoro lake," alijibu Refa, "na ameshauliza chumba cha mwenyeji kina upana gani."

Refa alikuwa mbeba mizigo sokoni. Jina hilo alipewa kwa kejeli, maana tangu aanze kuangalia mpira hajawahi kukubali uamuzi wa refa yeyote.

"Wivu huo."

"Wivu? Makocha watano kwa miaka miwili! Wa mwisho kafukuzwa bado anatafuta nyumba ya kupanga."

"Kocha ni matokeo, bwana."

"Kocha ni simu! Nilikuwa nabeba makabati pale ofisini, nikamsikia kocha akiongea na Tajiri, kwa masikio yangu. 'Ndiyo mkuu. Ndiyo mkuu.' Nikahesabu, mara kumi na moja. Kikosi kizima hicho kilikuwa kinapangwa."

Watu wa benchini walicheka. Hata Kinyozi alicheka, akafuta macho kwa kitambaa chake cha kazini.

Mama Jezi alitoka na ndoo ya jezi zilizokamuliwa. "Shemeji," alisema, "na hapa?"

"Hapa wapi?"

"Hapa ninapofulia. Huu Upande wa Jua. Akishainunua?"

Kinyozi alikunja kitambaa, akakikunjua. "Watajenga kisasa, shemeji. Vyumba vya vioo, vyenye kipoza hewa. Vya wageni wa heshima."

"Na sisi tukae wapi?"

"Nje ya kioo," alisema Refa, "tujitazame."

Safari hii hawakucheka. Mama Jezi alianza kuanika. Akitoka katika chumba kile hakuwa na pengine pa kwenda. Hakuna mwenye nyumba anayemwajiri mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye vidole vile, na kodi ya chumba anacholala ilitoka katika maji haya haya.

"Usihofu, Mama," Refa alimwambia, akamsaidia kuvuta kamba. "Katiba iko wazi. Theluthi moja ya waliohudhuria wakipinga, hakuna mauzo. Ukumbini huwa tunaingia mia tatu, tukizidi, tunazidi kidogo. Theluthi ni mia na ushee. Mimi nimepita nyumba kwa nyumba, nimeshapata watu mia moja arobaini na sita. Wewe ndani. Tumeshinda kabla ya kuingia."

"Mkutano saa ngapi?"

"Saa tisa. Njoo na kadi yako tu."

Saa tano, aliyekuja ni Mwenyekiti mwenyewe. Tangu achaguliwe hakuwahi kukanyaga kule chini. Aliinama kuingia, akaruka dimbwi la maji kwa viatu vyake vya kahawia, akasimama palipokuwa pakavu.

"Mama yetu! Kazi nzuri. Leo ninyi wajane mtakaa mbele. Tumewawekea viti vyenye mito."

"Ahsante, Mwenyekiti."

"Na daftari la wanachama litasomwa lote. Marehemu wetu wote. Miaka ya karibuni tulikuwa tunawaruka, eti muda. Ni aibu. Namba ya mzee ni ngapi vile?"

"Mia mbili na kumi na mbili."

Aliiandika katika karatasi ndogo. Kisha akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole, hapa, na hapa, akasikiliza. "Chumba hiki kina hatua ngapi, kutoka mlangoni?"

"Saba."

Hilo nalo aliliandika.

Mama Jezi alibaki ameshika soksi. Alifurahi, asiseme uongo. Miaka miwili alikuwa amengoja kusikia namba ile ikitajwa. Lakini alipozisuuza soksi alijikuta anazisuuza mara ya tatu.

Maana klabu ile ilikuwa na jambo lake. Walisema mwanachama hafi. Namba ya aliyekufa haikufutwa daftarini wala kupewa mwingine. Ikisomwa mkutanoni, ukumbi mzima husimama na kumwitikia kwa sauti moja: "Yupo!" Wazee waliliweka jambo hilo kwa mapenzi, na watu wazima walilia kila mwaka. Kumnyamazia maiti namba yake kulikuwa sawa na kumzika mara ya pili.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mezani alikaa Mwenyekiti, na kando yake karani mpya, mwanamke mwembamba mwenye miwani na sauti ya upole, aliyeletwa na Tajiri mwezi uliopita. Tajiri hakuja. Kiti chake kilikuja, kirefu, kimevikwa kitambaa cheupe, kikakaa katikati kimewatazama watu.

Karani alianza kusoma. Walio hai waliitika, "Nipo," wakainua kadi. Ikifika ya marehemu, viti vilikwaruza, watu wakasimama. "Yupo!" Vioo vya madirisha vilitikisika.

Mama Jezi alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani, juu ya mto laini aliouona kama si wake. Aliuangalia mkono wa karani. Karani wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia moja: akifika kwa marehemu, alifunika kalamu yake kwa kifuniko, akaitikia na wenzake, kisha akaifunua. Huyu hakuifunika. Aliye hai, tiki. Aliyekufa, tiki. Tiki ile ile, safu ile ile.

Alidhani ni makosa. Aliangalia wengine sita. Akajongea mbele.

"Binti yangu," alinong'ona, "hao ni marehemu."

"Najua, mama. Tunawaheshimu."

"Mbona unawatia tiki?"

"Wameitikiwa, mama." Karani hakuinua macho. "Aliyeitikiwa, amehudhuria."

Shule yake Mama Jezi ilikuwa ya msingi tu, na hesabu ya theluthi hakuipenda hata utotoni. Lakini sabuni aliijua. Pakiti moja, jezi ishirini na tatu, povu linatosha. Ukitumbukiza nyingine kumi, povu ni lile lile, na maji yanabaki matupu. Refa na watu wake mia moja arobaini na sita ndio walikuwa pakiti. Na karani alikuwa anazidi kutumbukiza nguo.

Aligeuka kumtafuta Refa. Alimwona kule nyuma, mkono kifuani, machozi yanamtiririka, ametoka kumwitikia kaka yake.

"Mia mbili na kumi na mbili," alisoma karani.

Viti vikakwaruza. Mama Jezi aliwahi kusimama kabla ya wote.

"Hayupo!"

Mtu alikohoa.

"Hayupo. Amekufa. Nilimfumba macho kwa mkono huu. Msimwitikie! Msimwitikie yeyote, jamani, wanawahe..."

"Shemeji!" Kinyozi alikuwa amepanda juu ya benchi, mishipa ya shingo imemsimama. "Shemeji, kaa chini! Unamkana kaka yangu mbele za watu?"

"Simkani! Tazameni daftari, wanawahesabu..."

Kipaza sauti kilikuwa kwa Mwenyekiti. "Ndugu wanachama," alisema taratibu, "mama yetu ana uchungu. Uchungu wa mume haupoi. Tumsaidie. Mia mbili na kumi na mbili!"

"Yupo!"

Koo mia tatu kwa pamoja. Na sauti iliyotoka juu ya zote, nene, iliyokwaruzwa na vumbi la magunia, ilikuwa ya Refa.

Tiki.

Wanaume wawili wenye beji walimjia Mama Jezi, mmoja na maji ya chupa, mwingine akamshika bega kwa upole, upole mwingi mno, mpaka akaketi. Kila alipotaka kuinuka mkono ulikuwepo. "Pumzika, mama. Kunywa maji." Namba ziliendelea. Daftari lilipofungwa watu waliimba wimbo wa klabu, na kila alilolisema lilimezwa na ngoma.

Kisha Mwenyekiti aliuliza mara tatu, kama katiba inavyotaka, nani anapinga. Kadi ziliinuliwa. Mama Jezi aliinua yake. Karani alipita kati ya safu akihesabu kwa ncha ya kalamu, hakuruka hata mtu mmoja.

"Waliohudhuria," alisoma, "mia nne hamsini na tatu. Theluthi yake ni mia moja hamsini na moja. Waliopinga, mia moja arobaini na sita. Mauzo yamepita."

Refa alikuwa bado ameinua kadi. Aliutazama ukumbi, benchi kwa benchi, midomo inacheza kwa hesabu. Aliutazama tena. Wala mkono hakuushusha mpaka watu walipoanza kutoka.

Kinyozi alimpita shemejiye mlangoni bila kumsalimu.

Jumatatu Mama Jezi alikwenda ofisini na kadi ya marehemu, imefungwa katika leso. Karani alimpa kiti.

"Binti yangu, mume wangu ana miaka miwili kaburini."

"Pole sana, mama."

"Basi mfute katika hesabu."

Karani alifungua daftari, akashusha kidole taratibu. "Mia mbili na kumi na mbili. Hapa. Alihudhuria. Hakupinga."

"Angepingaje?"

"Nafasi walipewa wote, mama. Mwenyekiti aliuliza mara tatu."

Mama Jezi aliangalia kidole kile. Kucha ilikuwa safi. "Na mimi niliyesema hayupo?"

"Hilo lipo katika kumbukumbu." Karani alifungua ukurasa mwingine. "Mjane alizidiwa na huzuni, akahudumiwa." Akalifunga daftari. "Jezi mpya zitafuliwa kwa mashine, mjini. Tutakuandikia barua."

Barua haikuja. Alhamisi alikuwa chumbani anafua zile za zamani, hakuna aliyezihitaji, alipoona kivuli mlangoni. Mtu aliinama, akaingia. Refa.

"Hodi, Mama."

Hakuketi. Alikwenda pembeni moja kwa moja, akaondoa gunia, akakivuta kigari. Gurudumu lililia kama zamani. Alimimina chokaa kutoka kwenye mfuko alioubeba begani.

"Wamenipa kibarua," alisema, akiwa amempa mgongo. "Siku tatu tu. Kuchora pa kuvunja. Sokoni hali ngumu, Mama, na nyumbani unakujua."

"Nakujua."

"Mstari unapita humu ndani."

"Nimeona."

"Basi inua beseni."

Aliliinua. Lilikuwa limejaa. Refa alianzia ukutani, akasukuma. Mstari mweupe ulitoka nyuma yake, ukapinda kuelekea mlangoni kama nyoka. Alisimama, akaufuta kwa kiatu, akaanza tena. Ukapinda tena. Jasho lilimdondoka puani. Nje, mtu aliyevaa kofia ngumu alipaza sauti: kama mstari haunyooki, kibarua apewe mwingine.

Mama Jezi alimtazama yule mwanamume akihangaika na kigari cha mumewe.

"Gurudumu linavuta kushoto," alisema mwishowe. "Yeye alikuwa akiegemea kulia."

Refa aliegemea kulia. Mstari ulinyooka, ukapita pale beseni lilipoacha duara la maji, chokaa ikaloa na kuchemka kidogo, ukaendelea mpaka ukuta wa pili. Kigari kikatoka, kikilia, kwenda jua lilipo.

Mama Jezi alibaki kasimama na beseni mikononi, maji yakimwagikia miguuni, akitafuta upande wa kuliweka.