Mbwa wa Bwana Mizani

Mchele wa vitumbua Zamda aliuloweka jioni, akautwanga alfajiri, na jua lilipogusa mapaa ya Mtaa wa Sikukuu alikuwa ameshakaa mahali pake kwenye lango la mashariki la soko la Kariakoo, chuma chenye mashimo saba juu ya mkaa, binti yake Sitara mgongoni. Ilikuwa Jumanne, mwaka wa hamsini na nne. Kulia kwake alikaa Bakili, fundi viatu. Kushoto alikaa Mwanamkuu, muuza nazi, mjane aliyefikia umri wa kumwambia kila mtu alichokuwa akikifikiri.

Zamda hakuwa na ubao wala mwavuli. Alikuwa na sauti.

"Vitumbua haya! Vya tui, vya iliki! Aliyelala aamke, aliyeamka aje!"

Makuli waliokuwa wakishuka bandarini waliichukulia sauti ile kuwa saa yao. Mumewe Bushiri, naye kuli, alipenda kusema kwamba aliiposa sauti kabla hajaiona sura, na alipoiona sura hakujuta.

Saa mbili unusu alifika Bwana Mizani. Jina lake halisi lilikuwa gumu, na sokoni hakuna aliyelihitaji. Alikuwa Mzungu mrefu, mpole wa maneno, aliyekagua mizani na mawe ya kupimia, na kila alikokwenda alifuatwa na jibwa la rangi ya majivu lililoitwa Meja. Langoni palikuwa na ubao uliopigiliwa misumari, ukisema kwa lugha tatu kwamba mbwa asiyefungwa kamba haruhusiwi sokoni. Bwana Mizani alipita chini ya ubao huo kila siku, kamba ya ngozi ikining'inia shingoni mwake mwenyewe. Meja alikuwa ameshairarua kanzu ya muuza chumvi na kumtafuna mchukuzi mmoja muundi.

"Hapana ogopa," Bwana Mizani alikuwa akisema kila mara. "Yeye nacheza tu."

Jumanne hiyo Zamda alikuwa ameinua kidevu akinadi. Alipofika kwenye "vya iliki", Meja aliruka, akamuuma chini ya kidevu, akaachia. Damu haikuwa nyingi. Mbwa alimeza, akakohoa mara mbili kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, kisha akasema kwa sauti ya Zamda:

"Aliyelala aamke, aliyeamka aje!"

Mteja aliyekuwa ameinama mbele ya chuma alimtazama mbwa, akamtazama Zamda, akasema, "Nipe vinne." Zamda alifungua kinywa kumwambia asubiri kidogo afute damu. Pumzi ilitoka, mlio haukutoka. Meja ndiye aliyesema, "Subiri nifute damu, dada."

"Sauti imeingia kwa mbwa," alisema Bakili, akaweka nyundo chini. "Bwana, mbwa wako amemeza sauti ya huyu mama."

Bwana Mizani alimpapasa Meja kichwani. "Nacheza tu," alisema, akaingia ndani kukagua mizani ya vitunguu.

Mwanamkuu alifunika nazi zake kwa gunia, akampeleka Zamda hospitali. Mganga msaidizi alikiosha kidonda na kuandika kwenye kadi: kidonda, kidogo; sauti, hakuna. Kwa kuwa hakuna aliyejua kama mbwa yule alikuwa na kichaa, na hakuna aliyekwenda kumuuliza mwenye mbwa, Zamda aliandikiwa sindano kumi na nne za tumboni, moja kila siku. Watu wazima waliochomwa sindano hizo walipiga mayowe yaliyofika barabarani. Zamda alichomwa zote kumi na nne kimya, na muuguzi akamsifu mbele ya wagonjwa wengine kwa ustahimilivu wake.

Sokoni biashara ilididimia. Watu walimpita kama wanavyoipita nguzo. Bwana Mizani alipokuja na mbwa wake, sauti ya Zamda ilinadi vitumbua kwenye safu ya samaki wakavu, watu wakaifuata huko wakakuta mbwa, wakaondoka wakinung'unika. Nyumbani ilikuwa vibaya zaidi. Sitara, mtoto wa miezi kumi, alikuwa amezoea kulala kwa kuimbiwa. Jioni Zamda alimpakata, akachezesha midomo, na mtoto akaitazama ile midomo kwa makini, akasubiri, kisha akaanza kulia. Bushiri alijaribu kumwimbia. Sauti yake ilizoea kuhesabu magunia, na mtoto akazidi kulia.

Wiki ya tatu Bushiri alichukua panga nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Mwanamkuu, aliyekuwa amekaa kibarazani akichambua mchicha.

"Nakwenda kumpasua yule mbwa niichukue sauti ya mke wangu."

"Ukimpasua, ukaikosa?"

Bushiri alisimama.

"Sauti si pete, mwanangu, useme utaiosha na kuivaa. Mbwa akifa nayo, imekufa. Na wewe utanyongwa. Huyu mtoto atabaki na nani? Na bubu?"

Bushiri alimtazama Zamda. Zamda alitikisa kichwa. Panga likarudi nyuma ya mlango, na asubuhi yake mume na mke walikwenda kushitaki.

Siku ya kesi Bwana Mizani alikuja na Meja mahakamani, akamlaza chini ya kiti chake. Hakimu, Mzungu mwenye miwani, aliwapokea kwanza mashahidi. Bakili alisimama, akaapa, akaanza kueleza.

"Wewe una mbwa?" hakimu alimkatiza kupitia kwa Gaudens, karani aliyekuwa akitafsiri.

"Nilikuwa naye, mheshimiwa. Askari wa kuwinda mbwa walipita Ilala juma lililopita. Wangu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya mlango, lakini hakuwa na kile kibati cha shaba cha leseni shingoni. Wakampiga risasi papo hapo, kamba ikiwa bado shingoni."

"Basi una kinyongo na sheria ya mbwa," alisema hakimu, na akamwambia akae.

Kisha akaitwa mlalamikaji. Zamda alisimama, ukaya mweusi ukiwa umefunika kidonda, akafungua midomo. Chini ya kiti cha mshtakiwa Meja aliinua kichwa.

"Naitwa Zamda binti Abbasi," alisema mbwa. "Nauza vitumbua. Huyu bwana alipita chini ya ubao unaosema mbwa wafungwe. Kamba alikuwa ameivaa yeye. Nilimwona mbwa anakuja, nikamtazama bwana nikidhani atamwita. Bwana alikuwa anatazama ndizi. Tangu siku ile mwanangu hajalala usingizi wa haki. Nina mengine mengi lakini sitaki kuwachosha. Naomba nirudishiwe sauti yangu, na mbwa afungwe."

Feni ilizunguka darini. Mtu mmoja nyuma alipenga kamasi. Gaudens alikuwa ameandika maneno matatu, akainua kalamu.

"Niandike yote, mheshimiwa?"

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema kwamba maelezo yale yalikuwa wazi na yamepangika vizuri kuliko mengi aliyoyasikia katika chumba kile. Hata hivyo, shahidi husema kwa kiapo, na mbwa haapi kwa Msahafu wala kwa Biblia. Tena mbwa ni mali ya mshtakiwa, na kilichomo ndani ya mali ya mtu ni chake, mpaka mwingine atamke kwa kinywa chake mwenyewe kwamba ni cha kwake. Akamtaka Zamda atamke.

Zamda aliushika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Mishipa ya shingo ilimtoka.

"Ni yangu," alisema Meja.

"Mlalamikaji hakusema lolote," alisema hakimu, na Gaudens akaandika hivyo.

Kesi ilifutwa. Kabla hawajatoka, hakimu aliongeza kwamba harufu ya vitumbua huwavuta mbwa, kwa hiyo kwa usalama wake mwenyewe mlalamikaji ahame langoni, akauzie ng'ambo ya mtaro. Bwana Mizani alimpa Zamda mkono. Alikuwa mtu wa adabu.

Ng'ambo ya mtaro hapakuwa na watu wa kupita, palikuwa na inzi. Zamda alikaa huko mwezi mzima. Ndipo siku moja akafika mtu mnene, mwenye kofia ya kitambaa mkononi, akasimama mbele ya chuma kama aliyekuja kuhani msiba.

"Shikamoo mama," alisema, ingawa umri wao ulilingana. "Mimi naitwa Onesphory, mtu wa Kibosho. Ni mpishi wa yule bwana mwenye mbwa."

Zamda aliitikia kwa kichwa. Mwanamkuu, aliyekuwa amemfuata jirani yake ng'ambo ya mtaro na nazi zake zote, alisema, "Sema ulilotumwa."

"Sikutumwa. Nina jambo linanikaa rohoni." Onesphory aliizungusha kofia. "Mwezi ule wa kwanza, kila siku saa nne, akisharudishwa kutoka sokoni, mbwa alilala barazani akalia kwa sauti ya mwanamke. 'Mama yangu nakufa, mama yangu tumbo.' Siku kumi na nne nilizihesabu. Nilidhani ni shetani, nikanyunyiza maji ya baraka. Juzi ndiyo nikasikia habari za sindano."

Zamda alikigeuza kitumbua ambacho kilikuwa kimeshaiva.

"Na kila jioni, mwangaza ukianza kufifia," aliendelea Onesphory, "mbwa anakaa ngazi za jikoni anaimba. 'Lala Sitara lala, baba yuko magatini.' Anaimba mpaka mwisho, anarudia. Nikamuuliza mtu sokoni, Sitara ni nani? Akanionyesha huyo mgongoni kwako." Alivaa kofia, akaivua tena. "Bwana saa hizo yuko kilabuni. Mlete mtoto, mama. Mimi nitafungua mlango wa nyuma."

Bushiri alikataa kwa siku mbili. Siku ya tatu mtoto alilia hadi sauti ikakauka, na Bushiri mwenyewe akasema, "Mpeleke."

Basi kila jioni Zamda alivuka viwanja vya Mnazi Mmoja na mtoto mgongoni, akaingia Uzunguni kwa njia za watumishi, akakaa kwenye ngazi za jikoni. Meja alilala hatua chache kutoka kwake, kichwa juu ya miguu. Zamda alimpakata Sitara na kuchezesha midomo, na wimbo ukatoka kwa mbwa, mzima, wenye mikunjo yote ambayo Zamda aliirithi kwa mama yake. Siku ya kwanza mtoto aligeuza kichwa kuutafuta wimbo, akauona ulipo, akalala. Onesphory aliosha sahani polepole ili zisigongane.

Siku ya tisa Bwana Mizani alirudi mapema. Aliwakuta. Onesphory alisimama wima, taulo mkononi, akiwa ameshajiona kwenye gari la moshi la kurudi kwao. Lakini Bwana Mizani hakukasirika. Alitazama, akatabasamu.

"Kuja tu kila siku," alimwambia Zamda. "Lakini pita nyuma, na hapana kanyaga maua."

Zamda alisimama. Alifungua midomo.

"Ahsante bwana," alisema Meja. "Nakuomba mfunge kamba ukija sokoni. Kuna watoto pale."

Bwana Mizani alicheka mpaka akashika ukuta. Mbwa anayeomba kamba! Usiku ule kilabuni wenzake walimnywesha kwa sababu ya hadithi hiyo. Kesho yake aliingia sokoni kama kawaida, na kabla ya mwezi kuisha Meja alikuwa amemuuma msukuma mkokoteni mmoja aliyekuwa fundi wa kupiga mbinja. Baada ya hapo mbwa alinadi vitumbua na kupiga mbinja, na yule msukuma mkokoteni aligongana na watu kila kona. Alikwenda kuulizia habari za kushitaki. Gaudens alimwonyesha faili la Zamda, wakalisoma pamoja, na mtu yule akaenda zake.

Mwaka ulipogeuka, Meja alivishwa kibati kipya cha shaba. Zamda alikuwa bado ng'ambo ya mtaro. Bakili alimtengenezea kengele kwa kipande cha bomba, naye akaigonga asubuhi kwa kijiti, na wateja wachache wakaizoea.

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani, Sitara aliteleza kutoka mapajani mwa mama yake, akasimama kwa miguu yake mwenyewe kwenye sakafu ya saruji, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alikuwa amechelewa kutembea na amechelewa kusema. Aliyumba. Onesphory aliacha sufuria, akasogea mlangoni.

"Mama," alisema mtoto. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Zamda alipiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili, na midomo yake ikaitikia.

"Abee, mwanangu," alisema Meja. "Njoo. Njoo kwa mama."

Mtoto akageuka. Alipiga hatua nne, akamfikia mbwa, akaangukia shingo yake na kuuficha uso kwenye manyoya.

"Njoo kwa mama," mbwa alisema tena. "Huku, mwanangu. Mama yuko huku."

Mtoto akazidi kumkumbatia. Zamda akafumba mdomo, na mbwa akanyamaza.